Nilivyombeba Mzee Mstaafu hadi Johannesburg

Tangu nirudi, kila anayeingia jikoni kwangu pale shuleni ana swali moja: ni kweli, Wakesho, ulimbeba yule mzee kwenye mabasi siku tisa? Nimechoka kueleza nusu nusu huku nikikoroga maharagwe. Nimeyaandika yote hapa, kwa hiyo someni, kisha mniache nipike.

Mzee ninayemsema ni rais wetu wa zamani. Jina simtaji, kwa kuwa kila mmoja wenu ana lake la kumwita, zuri au baya. Nilichobeba ni picha yake, ile ya dukani kwa baba, kwenye fremu ya mbao yenye kioo, kubwa kama sinia ya harusi. Enzi zake kila duka lilikuwa nayo ukutani. Alipostaafu, wengi waliishusha siku hiyo hiyo. Baba hakuishusha. Baba anampenda, anasema alikuwa mtu wa zamani kwa maana nzuri: kanisani Jumapili, watoto wawaamkie wakubwa, na mambo mapya yasubiri mlangoni kwanza yaulizwe yametoka wapi.

Baba Mdogo Zakayo, ndugu yake wa pekee, anamchukia kwa mambo hayo hayo, na kwa mengine mazito zaidi. Zakayo alikuwa mwalimu. Alisema neno kuhusu Mzee kwenye chumba cha walimu, neno likatembea, akafutwa kazi. Wiki ile ile akaingia dukani kwa baba, akakuta picha ya mama yao, iliyokuwa ukutani tangu azikwe, haipo. Mahali pake ametundikwa Mzee. Akasema mbele ya wateja, "Umemshusha mama ukampandisha huyu," akatoka. Hakusimama mpaka Johannesburg. Miaka ishirini na minne hawakusemezana, hata kwa barua. Habari zake tulizipata kwa binamu.

Mwaka ule baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini moyo wa baba ukachoka. Miguu ilivimba, daktari akaanza kuongea na mimi badala ya kuongea naye. Asubuhi moja nikamkuta ameishusha picha, ameifunga kwa leso ya marehemu mama yangu.

"Mpelekee Zakayo," akaniambia. "Mpe mkononi, usimweleze kitu. Akiipokea, nipigie simu. Akiikataa, rudi nayo, na mtanizika bila yeye."

Nikamuuliza kwa nini nisiende kwa ndege kama watu. Akasema ndegeni wanarusha mizigo, na kioo kile ni kizee kama yeye.

Voi hadi Dar es Salaam

Kutoka Voi nilikaa na bwana mmoja mstaafu wa reli, mwenye koti la suti na mkoba wa mahamri. Mpaka Taveta alikuwa ameshaniuliza mara nne nimebeba nini. Nikafunua leso kidogo. Akaweka kiganja juu ya kioo, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Huyu," akasema, "wakati wake unga ulikuwa unga. Na binti wa watu asingetoka nyumbani amevaa suruali."

Nilikuwa nimevaa suruali. Aliitazama, akanitazama mimi, akatazama nje kwa muda mrefu. Halafu akanipa mahamri mawili, nadhani kwa kunihurumia.

Upande wa Tanzania afisa wa forodha aliinua leso, akaita wenzake wawili. "Dada, huko kwenu hamna wa sasa, mpaka mtembee na wa zamani?" Mmoja wao akasema wao wenyewe wana mzee ambaye angembeba begani mpaka baharini. Wa pili akasema mzee huyo huyo ndiye aliyemfanya apange foleni ya sabuni utoto mzima. Walianza kubishana, wakanisahau. Nikachukua picha yangu nikarudi kwenye basi.

Tunduma na Nakonde

Mpaka wa Tunduma ulikuwa umejaa malori yasiyosogea, na basi letu likaharibika gia katikati yake. Tukaambiwa litatengenezwa baada ya saa mbili. Zilikuwa siku mbili. Nikavuka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia, nikapata chumba kwa mama mmoja mnene mpole anayeitwa Mama Bwalya. Kiswahili anakijua, watu wa mpakani wote wanakijua, ila alikuwa mtu wa maneno machache.

Aliniona nikiingia peke yangu, nimechoka, nimekumbatia picha ya mwanamume mzima, leso imemteleza usoni. Akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Lini?"

Nikadhani ananiuliza nimetoka lini nyumbani. "Siku tatu zilizopita."

Akafunga macho. Muda si muda picha imewekwa kwenye kiti cha heshima, wanawake wanne wamekuja kukaa nami kimya, na mbele yangu kuna ugali wao wa nshima, kuku mzima na dagaa wa kukaanga. Nilipofahamu kwamba wameniona mjane, nilikuwa nimeshakula paja. Nakiri dhambi yangu: nilikuwa na njaa, na kuku alikuwa mtamu. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kula. Mama mmoja alisema marehemu alikuwa na uso wa mtu mkali lakini anayeleta mshahara nyumbani.

Niliumbuka siku ya pili. Dereva wa lori, Mkenya mwenzetu, aliingia kula, akamwona Mzee kwenye kiti.

"Huyu amefuata nini huku?"

Nyumba nzima ikanigeukia. Nikaeleza ukweli, nikitamani sakafu inimeze. Dereva hakucheka. Alisema baba yake alikaa ndani miezi minane kwa wimbo alioimba kilabuni, na alipotoka hakuimba tena, hata kanisani. Alipomaliza akasimama, na mimi nikasimama, nikidhani ataivunja. Aliigeuza tu ielekee ukuta, akakaa, akala. Alipoondoka aliigeuza tena ilivyokuwa. "Si wako," akaniambia. "Najua umetumwa."

Mama Bwalya alikuwa bado anakiangalia kile kiti. "Kwa hiyo si mumeo."

"Si mume wangu, mama. Nisamehe."

"Rais," akasema, kama anayeonja chumvi. "Na sisi tuna wa zamani. Nusu ya nyumba hii wanamlilia, nusu wanamtukana." Kisha tumbo lake likaanza kutikisika kwa kicheko, akanifungia kuku aliyebaki nile njiani.

Beitbridge

Lusaka nililala kituoni. Kafue nikala samaki wa kukaanga ambaye bado namwota. Harare tulibadilisha basi, na asubuhi iliyofuata tukawa Beitbridge, mlango wa Afrika Kusini, kwenye foleni ndefu kuliko dhambi za watu waliokuwa ndani yake.

Afisa wa kike aliinua fremu, akaipima kwa mkono. "Nzito. Nene. Ndani kuna nini?"

"Rais."

Hakufurahi. Akaiweka kifudifudi mezani, akachukua bisibisi, akang'oa vile visumari vya nyuma kimoja kimoja. Akatoa kadibodi. Nyuma ya Mzee palikuwa na kadibodi nyingine, na nyuma ya hiyo kulikuwa na picha.

Ilikuwa ya mwanamke mzee aliyeketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, anaiangalia kamera kama inayomdai. Sikuwahi kumwona maishani, ila paji lile la uso ni la baba, na pua ile naivaa mimi kila siku.

"Gogo wako?" afisa akauliza. Gogo ni nyanya kwa lugha zao.

"Ndiyo," nikasema. Nikashika meza. Nyanya yangu hakushushwa. Alifunikwa. Muda wote ule Zakayo akila uchungu wake ugenini, mama yake alikuwa pale pale ukutani, mgongoni mwa yule yule aliyemchukia.

Afisa alirudisha kila kitu kwa upole ambao sikuutarajia, lakini visumari vilikuwa vimeviringika chini ya meza na basi lilikuwa linapiga honi. Akanipa gundi ya utepe, ile ya kahawia ya kufungia maboksi. Nikaizungusha fremu hovyo hovyo kama anayefunga jeraha gizani, nikakimbia.

Bertrams

Baba Mdogo Zakayo alinipokea kituoni, Park Station; binamu alikuwa amempigia simu. Nilimjua kwa masikio, ni yale yale ya baba. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, akaniita mama, kwa kuwa jina langu ni la mama yake. Halafu akaiona leso na umbo lililokuwa ndani yake.

"Ni nini hicho?"

"Baba amekutumia."

Aliinua pembe moja tu, akaishusha. Hadi Bertrams, mtaa anaokaa, aliongea na dereva wa teksi tu, akate kushoto kwenye robot, taa zao za barabarani. Mlangoni kwake, karibu na ule uwanja mkubwa wa mpira, akasimama. "Wewe karibu, mwanangu, nyumba ni yako. Huyo haingii."

"Basi shika tu. Nilitumwa nikupe mkononi."

"Mwambie kaka yangu, samahani, mwambie baba yako, mkono wangu haumshiki huyo."

Nikaiacha barazani, uso umeelekea ukuta. Nilisononeka, sitaki kuwadanganya. Kwa mengine yote alikuwa na upendo ambao sijui aliuweka wapi muda wote huo. Alinipikia ugali wa huko wanaouita pap, na maini, na mboga ya morogo. Aliuliza habari za kila mtu Voi, hadi za mbuzi. Za baba hakuuliza. Nikitaja "baba", anainuka kuangalia sufuria.

Vyumba vya nyuma anapanga Mama Espérance, mkimbizi wa Burundi anayeuza mboga barabarani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuoga kabla umeme haujakatika. Kila akipita barazani alikuwa anainama kumchungulia Mzee pale ukutani.

"Huyu ndiye munagombana juu yake?"

"Ndiye."

"Iko wapi sasa?"

"Yuko shambani kwake. Anakunywa chai."

Akaweka chini beseni la mchicha. "Alitoka kwa kiti na miguu yake? Akaenda nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akageukia mlangoni. "Zakayo, unasikia? Wenu iko shambani, iko anakunywa chai. Wetu tuliwazika, na majirani tuliwazika nao. Vraiment, kweli kabisa, mimi ningemupikia hiyo chai."

"Eish, Mama Espérance," Baba Mdogo akajibu kutoka ndani. "Kwa sababu wenu walizikwa, mimi nisililie jino langu?"

"Lia. Lakini kaka yako iko muzima bado. Huyo unamungoja nini?"

Nikasikia maji ya bomba yakifunguliwa kwa nguvu.

Siku ya tatu, mchana, anga iligeuka rangi ya masizi, na mvua ya mawe ikaanza bila salamu. Mawe yalikuwa makubwa kama kunde, halafu kama ndimu. Upepo ukaiangusha fremu barazani, mawe yanaruka juu yake. Nikatoka mbio nikailalia kwa tumbo. Nilipigwa mgongoni na kisogoni mpaka nikaona nyota.

Baba Mdogo akanivuta ndani, mimi na fremu pamoja. "Unataka kufa kwa ajili ya huyo?"

"Sifi kwa ajili yake. Ni baba!" Nikaanza kulia, na ulimi wangu ukawa na neno lote tayari: fungua, mama yako yumo. Lakini niliagizwa nisieleze, na baba hajawahi kuniomba mambo mengi. Nikalimeza. "Baba anakufa, na unamwacha anyeshewe barazani."

Alitaka kuiondoa mikononi mwangu aiweke chini. Kidole gumba chake kikagusa ule utepe uliolowa. Akaigeuza.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi. Mpakani. Walifungua kutafuta magendo."

"Kwa gundi ya maboksi?" Naapa alikasirika zaidi pale kuliko siku zote tatu. "Maji yameshaingia. Karatasi itavimba, itashika kioo, haitatoka tena." Akaifuta kwa sweta yake mwenyewe, kona kwa kona. Sikuwa nimewaambia: Johannesburg, Baba Mdogo ni fundi wa fremu.

"Fremu haina kosa," akasema mwisho, kama anayejieleza kwa mtu mwingine. "Kesho tutakwenda nayo kazini."

Doornfontein

Karakana yake ni chumba kimoja chini ya ghorofa, jirani na chuo kikuu. Kuta zote zimejaa vijana waliovaa majoho ya kuhitimu, wanangoja kuchukuliwa na wenyewe. Anawajua kwa majina, na anajua nani alirudia mtihani. Mwalimu aliyefukuzwa darasani, na sasa amezungukwa na waliofaulu. Aliniambia ameshafremu maharusi, timu za mpira, hata mbwa, na hajawahi kumrudisha mteja kwa sababu ya sura.

Alitandika kitambaa safi, akavaa miwani, akakata utepe kwa kisu kidogo. Mimi nilikaa kwenye kopo la rangi. Akaigeuza uso juu, akainua fremu na kioo, akamtoa Mzee.

"Amepauka," akasema, na kidogo acheke. Ni kweli, suti ilikuwa imegeuka samawati hafifu na uso umebaki kama kitambaa kilichofuliwa mno. Pembeni tu, palipofichwa na mbao, rangi ilikuwa nzima.

Akainua kadibodi iliyokuwa chini yake.

Baba Mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamwinua mama yake kwa kushika kingo tu, jinsi wanavyofanya mafundi wa kazi hiyo, wasioigusa sura ya mtu hata kama ni ya nani. Akamlaza kando ya Mzee, wakawa saizi moja. Weusi wa picha ya nyanya ulikuwa mweusi kabisa, na weupe ulikuwa mweupe, kama ilitoka kwa mpiga picha juzi.

"Alikasirika siku hiyo," akasema taratibu. "Mpiga picha alimwambia acheke. Akasema hachekei mashine."

Machozi yalikuwa yanamdondoka, akasogeza kichwa yasianguke juu ya kazi. Alizitazama zile picha mbili kwa muda. "Miaka ishirini na minne jua la dukani limempiga huyu. Mama halikumgusa." Akavuta pumzi. "Haya. Hilo moja nampa. Nipe simu."

Nikabonyeza namba, nikampa. Nilisikia sauti ya baba ikisema halo mara mbili.

"Kaka," akasema Zakayo.

Nikasogeza sikio karibu na simu.

"Umefungua," baba akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Neno lako lilitufanya tutazamwe, na askari wa chifu alikuwa kwenye kaunta ananunua sigara. Ningesema nini, kwamba nimemgeuza Mzee kuwa pazia la mama yangu?"

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ulikuwa umeondoka. Na mimi nilikuwa na hasira, Zakayo. Uliniaibisha dukani kwangu."

"Nilikuwa nimefutwa kazi."

"Najua. Nilitakiwa kuja kwako siku ile. Sikuja."

Wakalia wote wawili, wanaume wa sabini na kitu, kila mmoja akijifanya amebanwa na kikohozi. Nikatoka nje nikawaachia. Niliporudi na chapati na chai, nilikuta Baba Mdogo amesimama, anapunga kisu hewani.

"Barabara gani? Kaka, barabara gani? Ile iliyobomoka mvua ya kwanza?"

Kutoka kwenye simu nikamsikia baba, mgonjwa wetu, akifoka kwa sauti ambayo daktari aliniambia hana tena. Walibishana kuhusu Mzee hadi muda wa maongezi ukaisha. Baba Mdogo akanituma spaza, kiduka cha mtaani, mbio nikanunue mwingine, kwani alikuwa hajamaliza kuhusu shule.

Voi tena

Siku ya kuondoka Baba Mdogo alinipa Mzee kwenye fremu mpya, mgongo umefunikwa kwa karatasi ya kahawia iliyonyooka kama shuka la hospitali. Nikamwuliza mbona anamrudisha.

"Ni wake. Mimi nimebaki na wangu. Mpe mkononi, usimweleze kitu. Sharp, sawa?"

Safari ya kurudi siisimulii. Basi halikuharibika mahali, na Nakonde nilimpelekea Mama Bwalya shuka mpya, akaniuliza mume wangu hajambo.

Baba alikuwa dukani, amekaa chini ya msumari mtupu. Aliipokea fremu kwa mikono miwili. Akamtazama Mzee alivyopauka, akacheka. Kisha akaigeuza, akaibonyeza mgongoni kwa kidole gumba.

"Wakesho," akasema, "lete kisu."

Nyuma ya Mzee, nyuma ya kadibodi ya pili, alikuwemo Baba Mdogo Zakayo. Amekaa kwenye kopo la rangi mlangoni pa karakana yake, mikono juu ya magoti, amekunja uso kama mama yake. Baba alimshika kwa kingo, akakaa naye mapajani mpaka wateja wawili wakaingia na kutoka bila kuhudumiwa.

Nikamwambia nilete nyundo nimtundike ndugu yake mbele, Mzee akae nyuma. Akakataa. Alimrudisha Zakayo ndani kwa mkono wake mwenyewe, akamweka Mzee juu yake, akafunga, akanyoosha fremu ukutani mpaka ikakaa sawa.

"Jua la hapa ni kali," akasema. "Huyu ameshalizoea."